Kiasi Katika Mwendo

Msomaji kijana, watu wengi husifu kasi. Mkimbiaji hupewa taji kwa wepesi wake, na mwanafunzi amalizaye hesabu kwanza huonewa wivu na wenzake. Siidharau sifa hiyo. Lakini nataka kukuonyesha kwamba uwezo wa kupunguza mwendo una thamani sawa na ule wa kuuongeza, na shahidi wangu ni kompyuta.

Mimi ni mwalimu. Nilifundwa katika chuo cha ualimu, na kazi imenizungusha katika Kisii na Nyamira. Nchi hii ya vilima, migomba na majani ya chai ina mvua nyingi, na alasiri radi hunguruma juu ya vilima vya Manga. Mara nyingi radi ilipopiga umeme ulikatika, na vijana waliokuwa wakitayarisha kazi zao za mtihani walibakiwa na betri peke yake. Vipakatalishi vyetu vilikuwa vikuukuu. Betri zilizimika kabla ya kipindi cha jioni kwisha, na kazi isiyohifadhiwa ilipotea. Kwa mtoto asiye na kompyuta nyumbani, saa moja iliyopotea hairudi kwa urahisi. Haja hiyo ndiyo iliyonifanya nichunguze mwendo wa prosesa.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Prosesa ya gigahezi 2 hupiga mara 2,000,000,000 kwa sekunde. Kila pigo hula umeme, na ulaji huo hukua sawasawa na idadi ya mapigo, tena hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Mapigo yakipunguzwa, volti nayo yaweza kupunguzwa. Chukua mfano: mapigo yashuke hadi nusu, na volti ishuke kutoka 1.2 hadi 0.9, yaani robo tatu. Zidisha 0.5 kwa 0.75, kisha kwa 0.75 tena, utapata 0.28. Kazi itachukua muda mara mbili, walakini umeme wote wa mapigo hayo utakuwa asilimia 56 tu ya ule wa kwanza.

Barabarani twalijua jambo la kutawala mwendo. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kutekelezwa kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizotaka kila matatu iwe na kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Wenye magari hukiita spidi gavana. Kompyuta nazo zina magavana. Zetu zilitumia Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Toleo lake la 2.6, la Desemba 2003, lilikuwa na sehemu ya kubadili mapigo ya prosesa, na kanuni za sehemu hiyo huitwa magavana. Mmoja hudumisha mwendo wa juu, mwingine wa chini, na mwingine hutazama wingi wa kazi ndipo apandishe au ashushe.

Programu ndogo inayounganisha Linux na chombo huitwa dereva. Katika dereva wa vipakatalishi vyetu niliongeza ngazi tatu: pole, wastani na kasi, mwanafunzi achague kwa kitufe kimoja. Kuandika kulichukua siku chache. Kujaribu kulichukua muhula. Nilijaza betri, nikasawazisha mwanga wa kioo, nikatoa kazi ile ile, nikabadili ngazi tu. Maana abadiliye mambo mawili pamoja hajui ni lipi lililoleta tokeo. Kisha niliilaza kompyuta na kuiamsha, nione kama yakumbuka ngazi iliyopewa. Haikukumbuka, basi nikamwagiza dereva aisome ngazi upya kila iamkapo.

Majaribio yalinifunza nisilolitazamia. Katika kuandika insha, ngazi ya pole ilitosha, kwa kuwa prosesa hungoja vidole vya mwandishi, na mapigo ya kasi hapo ni kungoja kwa gharama. Betri zilifika mwisho wa kipindi. Lakini katika kukokotoa alama za shule nzima, pole haikuleta faida: kioo kilikaa kikiwaka kwa muda mrefu kikingoja jibu, nacho hula umeme mwingi. Hapo ilikuwa afadhali prosesa ikimbie, imalize, ipumzike.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hizi hazigombani, bali kila moja ina mahali pake. Basi, kabla ya kuanza kazi, jiulize: je, kazi hii yangoja mkono wangu, au kuna watu wanaoingoja? Ikiwa yangoja mkono wako, nenda pole uifanye vizuri. Ikiwa wengine wanaingoja, ikimbilie, uimalize, kisha upumzike.