Vitimbi vya Nyumbani Havina Mtazamaji

Nilipokuwa mtoto hapa Nakuru miaka ya tisini, kabla mji huu haujapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021, jioni ya Vitimbi hakuna aliyekubali kutumwa dukani. Majirani wasio na televisheni walijaa kwetu mtaani Langa Langa, wazee vitini, watoto sakafuni, macho yote kwa KBC. Mzee Ojwang' alipanga njama ya kumzunguka mkewe, Mama Kayai, naye akainusa kabla haijaiva. Tulicheka hadi machozi. Wengi waliapa kwamba wawili hao ni mke na mume kweli, kumbe ni waigizaji tu: marehemu Benson Wanjau, aliyetuaga mwaka wa 2015, na Mary Khavere.

Nilipoolewa, nilidhani ndoa huendeshwa vivyo hivyo, kwa kuzungukana.

Mwaka jana bwanangu alianza kuwa kimya. Asubuhi anatoka na tai shingoni, jioni anasukuma sahani kando. Badala ya kumwuliza, nikamtega. Nikawa nacheka na simu ambayo hakuna aliyenipigia. Nikamwambia sina hata ndururu, ilhali pesa zangu za chama, shilingi 14,000, nilikuwa nimezificha chini ya nguo za mtoto. Nilitaka aone wivu, aseme yaliyo moyoni. Hakusema. Alihamia kochini, nami nikajiambia, "Haya, tuone nani atachoka kwanza."

Wiki tatu zikapita. Mtoto akafukuzwa shule kwa sababu ya karo. Siku hiyo nikiwa mjini, nilikata njia kupitia Nyayo Gardens, nikamwona bwanangu ameketi kwenye benchi, tai shingoni, gazeti mapajani, halisomi.

Kazi ilikuwa imekwisha mwezi mmoja uliotangulia.

"Mbona hukuniambia, Baba watoto?"

"Mama watoto, nilikusikia ukicheka na mtu kwenye simu. Nikajua ukisikia sina kazi, utaenda kwake."

Nilikosa la kujibu. Mtu huyo hakuwapo, lakini nilikuwa nimemwingiza nyumbani kwangu kwa kinywa changu mwenyewe.

Ndugu msomaji, Vitimbi vilituchekesha kwa kuwa sisi watazamaji tuliona pande zote mbili. Tulijua Ojwang' anaficha nini na Mama Kayai anajua nini. Nyumbani hakuna anayeona pande zote. Kila mmoja hushika nusu yake ya kisa, akaijaza nusu nyingine kwa hofu.

Jioni hiyo nilizitoa zile pesa. Tulilipa karo, na zilizobaki akaanzia biashara ya viatu vya mitumba. Maisha bado ni ya kubana, ila kochi sasa ni la wageni.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Msemo huo niliujua tangu shule ya msingi. Nilisahau tu kwamba hata mume huulizwa.