Mbeya–Iringa kwa baiskeli: Bonge na akae mbele!

Jamani wasomaji, kuna safari ya kupanda basi, unasinzia Uyole unashtukia uko Ipogolo. Halafu kuna safari ya kukanyaga pedali, ambayo kila mlima unaujua kwa goti lako. Mimi na washikaji zangu tukachagua hiyo ya pili: Mbeya mjini hadi Iringa mjini, kama kilomita 330 hivi, siku nne, tena mwezi wa saba, baridi ile mbaya.

Tulikuwa wanne. Mimi, fundi redio mmoja, dereva wa bodaboda aliyedai pikipiki imemlegeza miguu, na rafiki yetu ambaye tangu shule ya msingi tunamwita Bonge. Kwa nini Bonge? Ungemwona usingeuliza.

Siku mbili za kwanza zilikwenda. Kutoka Mbeya barabara inateremka hadi bonde la Usangu, kule Igurusi na Chimala kwenye mpunga, baiskeli inajiendesha yenyewe na wewe unapiga mluzi tu. Kiama kinaanzia Igawa. Hapo ndipo unapolipia mteremko wote ulioula bure, mpaka Makambako. Bonge aliingia Makambako giza limeshatanda, sisi tumeshaoga na kushiba. Nami, kwa mdomo wangu huu huu, nikatamka: "Kesho hakuna kumngoja mtu. Tukutane Mafinga." Bonge akacheka, akaendelea na ugali wake.

Asubuhi ya siku ya tatu tukatoka. Makambako ni mji wa upepo, bwana! Unafungua mlango unapigwa kofi. Ni hapa pia ndipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapokuaga. Tangu Mbeya mnakutana na kuachana nayo, lakini Makambako inakata kwenda zake Mlimba, na wewe unabaki na lami na malori. Zamani hapa palikuwa Mkoa wa Iringa. Tangu 2012 ni Njombe. Kwa hiyo ukipiga pedali kidogo tu unaingia Iringa na kujiona shujaa, kumbe bado kuna kilomita zaidi ya mia.

Tukapita Nyololo, panapochepuka njia ya Igowole na mashamba ya chai ya Mufindi. Watoto wa shule wanatukimbilia: "Shikamooni! Mzigo wenu uko wapi?" Swali la haki kabisa. Huku mtu mzima hapandi baiskeli bila gunia la mkaa au viazi kwenye keria. Mtu mwenye kofia ngumu na chupa ya maji tu, anakwenda wapi?

Baada ya hapo ni Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Mipaini kulia, mipaini kushoto, harufu yake kama duka la seremala. Sisi watatu tulikuwa mbele, tunashindana kama watoto. Tukasimama kwenye kibanda cha chai. Chai ikaisha, na viazi vikaisha. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Bonge hayupo. Kupiga simu, haipatikani.

Ndipo fundi redio akaniuliza polepole: "Pampu na viraka viko kwa nani?"

Vilikuwa kwenye begi langu.

Sio siri, tumbo lilinikata. Barabara hii ndiyo ya malori ya Zambia na Kongo, matela marefu kama treni, na pembeni ya lami ni changarawe. Tukageuza. Kilomita kama kumi za kurudi, hakuna aliyepiga stori. Kila lori lililotupita nilikuwa najiuliza limekutana na nini huko litokako.

Tukamkuta amekaa chini ya mti, goti limechanika, amefungwa kitambaa. Lori lilimpigia honi nyuma, lingine linakuja mbele, akajirusha kwenye changarawe. Tairi la nyuma kwisha. Pembeni yake mzee mmoja, Phoenix yake imeegemezwa mti na magunia mawili ya mkaa, anashindilia majani makavu ndani ya tairi la Bonge ili litembee hivyo hivyo bila upepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Kamwene. Mlitoka wangapi?"

"Wanne."

"Na pampu anayo nani?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Mzee hakufoka. Akasema wao wakibeba mkaa, mwenye mzigo mzito wanamtanguliza. "Akichoka tunamwona, kwenye mlima tunamsukuma. Ukimweka nyuma, utamwonea wapi?"

Dereva wa bodaboda akayatoa yale majani, akaziba pancha. Tukataka kumpa mzee hela, akakataa katakata. Akaomba viraka viwili tu. Nikampa sita.

Nikamwomba Bonge radhi pale pale barabarani. Akanijibu, "Toa kwanza maji." Basi, yakaisha. Akakaa mbele. Tukaingia Mafinga jua linazama, mwendo wa kobe, lakini wanne.

Kesho yake tukapita Ifunda na Tanangozi, tukateremka hadi Ipogolo kwenye Ruaha Mdogo. Mji wa Iringa uko juu kilimani, unakuchungulia na kukucheka. Bonge akashuka, akaanza kusukuma baiskeli. Mimi gia zangu zote zilikuwa bado nzima na miguu ninayo, lakini nikashuka, nikasukuma nyuma yake hadi juu.

Sasa wewe kijana unayetaka kujaribu, chukua mawaidha ya bure. Vaa sweta, upepo wa Makambako hauna undugu. Usisafiri usiku. Ukisikia lori nyuma na lingine mbele, iache lami mapema. Na pampu akae nayo yule wa mwisho.