Mluzi Garini

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi, nikajipatia alama nayo, lakini ukweli ni kwamba sikuielewa barabara hadi likizo ya Agosti mwaka wa 2025, mbiu hiyo ilipolia ndani ya gari la baba yangu. Ndugu msomaji, tega sikio nikusimulie.

Nyumbani kwetu ni Gilgil. Baba ana mashine ya kusaga mahindi karibu na soko, na ameiendesha kwa miaka 19. Jasho la mashine hiyo ndilo lililonunua gari letu mwezi wa Aprili mwaka huo. Si gari jipya. Ni kuukuu, la milango mitano, lenye keria juu ya paa, la kubebea magunia siku za kazi na kutubeba sisi Jumapili. Baba alilipenda kama mboni ya jicho lake. Aliliosha kila jioni hata kama halikutoka, na kila mgeni aliyefika aliambiwa, "Gari hili ni kimya kama paka."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu halikuwa kimya hata kidogo.

Mjini lilikwenda vizuri. Lakini tukishika barabara kuu ya kwenda Nakuru, mshale wa mwendo ukifika kilomita 80 kwa saa, kelele ilianza. Juu ya paa kulitoka ngurumo nzito, vuuuu, na ndani ya ngurumo hiyo mlikuwa na mluzi mwembamba, fiiii, kama birika linalochemka. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu aliyekuwa gredi ya tatu, siku ya kwanza alinyanyua miguu kitini akalia kwamba ndani ya gari kuna nyoka. Mama naye alishika kichwa.

"Baba watoto, hii kelele itaniua," alisema.

"Ni upepo tu," Baba alijibu. "Sasa mnataka nimwombe Mungu auzime?" Kisha akaongeza sauti ya redio.

Mambo yalikwenda hivyo hadi mwezi wa Julai, Mama alipoanza kupanda matatu kwenda Nakuru kuchukua nguo zake za kuuza. Baba alipojua, alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alisema kwa uchungu, "Mke wangu analipa nauli na gari liko hapa nyuma ya nyumba. Watu wa sokoni watasemaje?" Mama hakujibu. Chakula kililiwa bila mazungumzo. Mimi nikaona kwamba kelele hii isipopatikana, itatuvunjia nyumba.

Siku ya kufunga shule nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Alinisikiliza, akacheka, kisha akaniambia neno ambalo nimelihifadhi: "Usianze kutafuta kelele iko wapi. Anza kutafuta haiko wapi." Akanipa washukiwa watatu. Kelele ya injini hufuata gea. Kelele ya tairi hufuata lami. Kelele ya upepo hufuata mwendo, na hubadilika upepo unapobadilisha upande.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Baba anipeleke barabarani na daftari langu. Alikubali huku akinicheka, "Haya, Bi. Fundi, twende." Mama na mdogo wangu walikaa nyuma. Tulipopita njia panda na barabara ikawa wazi, nilimwomba Baba ashike mwendo wa 80, kisha atoe gea ya nne arudi ya tatu bila kubadilisha mwendo. Injini ikalia kwa sauti ya juu, lakini mluzi ukabaki vilevile. Nikaandika: si injini. Mbele kidogo lami ya kokoto mbaya ilikwisha tukaingia lami laini. Mvumo wa chini ya miguu ukapungua, mluzi haukujali. Nikaandika: si tairi. Tulipogeuza kurudi, upepo ukitupiga ubavuni, mluzi ulianza mapema, kwenye 70. Basi ni upepo.

Mshukiwa wa kwanza wa upepo alikuwa keria. Jioni hiyo Baba alichukua spana akaifungua, nami nikamshikia nati. Jumapili tukaelekea Nakuru. Tulipofikisha 80, ile ngurumo ya paa haikuwapo tena. Baba alipiga usukani kwa furaha.

"Mnaona? Imekwisha kabisa! Tuli kama maji ya mtungi!"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mluzi ulikuwa bado unalia. Kwa hakika, sasa ulisikika vizuri zaidi, maana ngurumo haikuwa inaufunika.

"Baba, bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Mluzi."

"Unalia hata sasa hivi," Mama akaongeza.

Baba alitazama kioo, akanitazama mimi, uso ukakunjamana. "Mnanifanya mjinga ndani ya gari langu? Nimetoa keria, kelele imekwisha, na bado mnataka kunionyesha kwamba gari ni baya!" Akaendesha bila kusema tena. Nami, kwa hasira ya utoto, nilimgeukia Mama nikanong'ona, "Sikio la kufa halisikii dawa." Mama alinifinya begani. Baba hakugeuka. Nilidhani ananipuuza.

Usiku huo tuliketi nje, Baba juu ya kigoda chake, mdogo wangu kwenye mkeka karibu na miguu yake. Nyenje walikuwa wakilia katika nyasi hadi masikio yanauma. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Ajabu. Siku hizi nyenje wamekwisha hapa Gilgil. Zamani usiku kama huu mtu asingeweza kuzungumza."

"Si hao, Baba, wanalia," mdogo wangu akasema kwa kile kisauti chake chembamba.

Baba hakumjibu. Mtoto alirudia mara ya pili, kisha akainamisha kichwa akanyamaza.

Nilihisi baridi mgongoni. Nilikumbuka siku mdogo wangu aliponiuliza kwa nini Baba humjibu kila mtu ila yeye. Nilikumbuka bodaboda iliyopiga honi nyuma yetu mjini hadi mwenyewe akatupita akitutukana, na Baba akashangaa ametokea wapi. Nikakumbuka somo la Sauti: kwamba sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kwamba ngurumo ni mitetemo michache, mluzi ni mitetemo mingi. Baba alikuwa ameisikia ngurumo ya keria. Mluzi je?

Nina saa ya mkononi ambayo hulia pii pii kila saa inapotimia. Ilipokaribia saa mbili nilisimama nyuma ya Baba nikauweka mkono wangu karibu na bega lake, kama ninayeegemea ukuta. Saa ikalia. Mama aligeuka. Mdogo wangu aligeuka. Baba aliendelea kutazama nyota.

Nilipomweleza Mama jikoni, aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ananinyamazia."

Sasa tungemwambiaje? Baba yangu si mtu wa kuambiwa kwamba ana upungufu. Nilifikiri sana, kisha nikaona afadhali tumalize kwanza kazi ya mluzi, na tuimalize pamoja naye. Kesho yake nilikata kipande kirefu cha karatasi nikampelekea garini.

"Baba, nisaidie. Tunafunga mlango juu ya karatasi hii, kisha unaivuta. Ikikaza, raba ya mlango inabana. Ikitoka bure, hapo ndipo hewa inapopita."

Baba alipenda kazi hiyo, kwa sababu ilitaka mkono, na mkono wake anauamini. Tulizunguka milango yote, kila pembe. Karatasi ilikaza kila mahali hadi mlango wa nyuma wa kushoto, kwenye pembe ya juu. Hapo ilitoka kama kisu ndani ya siagi. Baba alirudia mara tatu. Akapitisha kidole juu ya raba, akasema, "Imelala. Hapa ndipo ninapoingizia magunia."

Mwalimu alikuwa amenionya kwamba ushahidi mmoja hautoshi. Kwa hiyo nilichukua utepe wa karatasi wenye gundi, ule ambao wapaka rangi za magari hutumia, nikaziba ile pembe kwa nje. Tukarudi barabarani sote wanne. 70, 80, 90. Kimya! Mdogo wangu alipiga makofi. Tulisimama kando ya barabara, mahali ambapo Ziwa Elementaita huonekana chini upande wa kushoto, nikaubandua ule utepe, tukaendelea. Mshale ulipofika 80, mimi, Mama na mdogo wangu tulikunja nyuso kwa pamoja, kama watu waliochomwa na mwiba mmoja.

Baba alituona katika kioo.

"Umerudi?" aliuliza.

"Umerudi, Baba."

Alipunguza mwendo, akatoka barabarani, akazima injini. Malori yalipita. Baba alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

"Mimi sisikii kitu," alisema. Hakuwa na hasira. "Nyinyi nyote mnasikia, hata huyu mdogo. Mimi sisikii kitu."

Mama alinyoosha mkono kutoka nyuma akauweka begani mwake. Mdogo wangu, ambaye hakuelewa yote, alipanda katikati ya viti akasema karibu kabisa na sikio lake, "Baba, hata nyenje husikii?" Baba akamkumbatia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona machozi ya baba yangu, na sitasema zaidi.

Gari lilipona upesi. Fundi wa jua kali alituonyesha kwamba fremu ya ule mlango ilikuwa imepinda kidogo kwa nje. Aliirudisha kwa goti na mikono, akasogeza kitasa ili mlango ubane, akatia raba nyingine kwa shilingi 800. Nilimwuliza kwa nini kelele haikuwapo mjini. Jibu lake lilifanana na somo la Daniel Bernoulli, yule Mswisi aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1738: hewa inayokwenda kasi msukumo wake hupungua. Gari likikimbia, hewa ya nje inayopita ubavuni husukuma kidogo kuliko hewa iliyotulia ndani, hivyo mlango huvutwa nje. Raba nzima hustahimili. Raba iliyolala huachia ufa, na ufa hupiga mluzi.

Sikio halikupona hivyo. Baba alingoja wiki tatu, kisha akaenda hospitalini Nakuru, Mama akiwa kando yake ndani ya gari letu. Daktari alimvalisha vipaza sauti vya masikioni akampima. Alisema kwamba ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa ya muda mrefu huviua, mara nyingi vya sauti nyembamba hutangulia, na vikifa havioti tena. Ni mashine ile ile iliyotusomesha, iliyonunua gari. Tangu mwaka wa 2005 Kenya ina kanuni zinazokataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8 za siku. Lakini ni nani aliyewahi kuja kibandani kwetu kumweleza Baba?

Leo Baba huvaa vifuniko vya masikio kazini, na kijana anayemsaidia hupewa vyake kabla ya stima kuwashwa. Mdogo wangu humgusa mkono kwanza, ndipo aseme. Barabarani Baba hutazama vioo mara mbili. Mama hapandi matatu tena.

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu mnasaidia wazazi kwenye mashine za unga, kuchomelea vyuma au kupasua mbao. Zibeni masikio yenu mapema. Na mkiwa na mtu nyumbani ambaye hajibu akiitwa, msiharakishe kumwona ana kiburi. Mimi niliharakisha, nikamtupia mzazi wangu methali ambayo hakuisikia. Nimemwomba radhi, akacheka, akasema afadhali hakuisikia.

Wageni wakija, bado huwaambia kwamba gari lake ni kimya kama paka. Siku hizi sote tunaitikia, kwa sababu ni kweli.