Kona ya Tatu Kabla ya Bugarama

Wapenzi wanafunzi wangu wa Kiswahili, mlio darasani mwangu nanyi mnaonisoma kutoka mbali,

Niliwaahidi masimulizi ya safari yangu ya baiskeli kutoka Bujumbura hadi Gitega, nami nimeyachelewesha kwa majuma sita. Si kwamba nilikosa wakati. Katika safari ile nilitenda jambo ambalo kila mwaka huwakataza ninyi msilitende, na nimekuwa nikitafuta namna ya kulisimulia bila kujisafisha. Sijaipata. Basi nitasimulia tu.

Nilishuka Bujumbura siku ya Alhamisi kuhudhuria semina ya walimu, baiskeli yangu ikiwa imelazwa nyuma ya pikapu ya jirani. Ni baiskeli ya mashindano, ya mitumba, yenye matairi membamba na gia kumi na nne, mbili kati yake zikiwa zimegoma tangu siku niliyoinunua. Semina ilipokwisha Ijumaa jioni, kituoni palikuwa na abiria tele na basi hapakuwa na hata moja. Mnajua wenyewe jinsi uhaba wa mafuta ulivyotuzoeza kungoja. Nikasema moyoni: kilomita 100, siku mbili, na njia nzima imejaa historia. Nitapanda.

Tangu Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji, kwa hiyo alfajiri ya Jumamosi niliikokota yangu kwa miguu hadi pale barabara ya RN1 inapouacha mji na kuanza kuutafuta mlima. Kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, barabara hiyo hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo wa kilomita 35 hivi. Hakuna tambarare ya kupumzikia. Kona humaliza kona na kuzaa kona nyingine.

Nisimame hapa kidogo, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sina dawa. Kwa Kiswahili mtu hupanda mlima, hupanda baiskeli, na hupanda mbegu. Katika barabara ile maana zote tatu hukutana: wewe uko juu ya baiskeli ukiukabili mlima, na kando yako, katika miteremko ambayo hata mbuzi huisita, akina mama wanapanda maharage.

Walionipita wakiteremka hawakuwa na nafasi ya kufikiri sarufi. Ni vijana wa mizigo. Kwenye keria ya baiskeli nzito isiyo na gia hufungwa mikungu ya ndizi, minne au mitano, ikining'inia pande zote mbili karibu na lami. Wengine hubeba makaa, magunia yakiwa marefu kuliko mbebaji. Breki peke yake haiwezi kuuzuia mzigo wa namna hiyo, kwa hiyo kijana hukandamiza soli ya kiatu juu ya tairi la nyuma, na harufu ya mpira ulioungua humfuata hadi bondeni. Wameinama, macho mbele, hawasalimu mtu. Nimeona mashindano ya baiskeli kwenye televisheni, nami nawaheshimu mabingwa wale, lakini sijaona bingwa anayeteremka hivyo akiwa amebeba chakula cha watu.

Wakiisha kuuza mjini, hurudi juu. Hapo ndipo penye neno. Lori likipita polepole kwenye mwinuko, kijana hunyoosha mkono mmoja, hukamata chuma cha nyuma, na mkono wa pili hubaki kwenye usukani. Lori humvuta. Mara nyingine huwa watatu, wanne, wamening'inia kama popo. Polisi hukataza, madereva hukemea, na kila mmoja anajua kinachotokea lori likifunga breki.

Mimi najua zaidi ya kujua. Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye kwetu haitwi binamu bali ndugu, na ambaye utotoni tulilala kitanda kimoja, alifia katika barabara hiyo mwaka 2011, akiwa ameshikilia lori. Siku ya maziko mama alinishika mkono mbele ya watu akaniapisha. Ndiyo maana kila mwaka, tunapofika kwenye somo la uraia na usalama barabarani, nachora ubaoni lori na baiskeli nyuma yake, kisha nachora msalaba mkubwa juu ya vyote viwili. Ndiyo maana nawaandikisha insha yenye kichwa “Ang'ang'aniaye lori ang'ang'ania kaburi”. Kichwa hicho nilikibuni mwenyewe, nami nilikionea fahari.

Ilikuwa yapata saa tano asubuhi, jua likiwa limeshanishika shingo, niliposikia nyuma yangu: “Shikamoo, Mwalimu!” Nilitaka kuitikia “marahaba” lakini pumzi haikutosha. Alikuwa kijana niliyemfundisha miaka mitatu iliyopita, mmoja wa wale wanaokaa dawati la nyuma na kuandika vizuri kuliko wa mbele. Aliacha shule baba yake alipougua. Jina lake sitalitaja. Alikuwa amekwisha kuuza ndizi zake, akarudi na baiskeli tupu, kamba zimeviringwa kwenye keria.

Tulikokota pamoja kwa kitambo. Yeye alinieleza bei za ndizi, mimi nilikuwa nikisema “ndiyo” na “hapana” tu. Kisha akaitazama miguu yangu kama fundi anavyotazama kifaa kilichoharibika.

“Mwalimu, miguu yako imekwisha. Lori linakuja. Wewe shika upande wa kulia, penye ukingo wa barabara. Mimi nitashika kushoto.”

“Unajua ninachofundisha,” nikamwambia.

“Najua. Katika insha ile nilipata 16 kwa 20.”

Sikusema neno lingine. Ningeweza kudai kwamba alinishawishi, ama kwamba jua lilinichanganya, lakini si kweli. Lori lilipofika mkono wangu ulinyooka wenyewe, ukakamata chuma. Kilikuwa cha moto. Bega lilivutwa kana kwamba lingechomoka, baiskeli ikayumba, kisha ikatulia. Utingo alichungulia kutoka juu ya turubai, akaiona kofia yangu ngumu, akacheka: “Leo hata wenye kofia!”

Nikiri: ilikuwa tamu. Upepo ulirudi usoni, na ile milima niliyokuwa nikiihesabu kwa hatua ikaanza kupita pembeni yangu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile niliinua kichwa nikaliona ziwa nyuma yetu, la buluu iliyofifia, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Tulivutwa hivyo kilomita saba au nane. Mama yangu hakunijia akilini hata mara moja.

Kona ya tatu kabla ya Bugarama, gari lilitokea mbele likiwa katikati ya barabara. Sikuliona, nilichosikia ni sauti ya kijana wangu ikipaza: “Achia!” Ndiyo hali ya kuamuru, enyi wanafunzi, nayo ni fupi kwa sababu. Niliachia. Gurudumu langu la mbele lilipita kiganja kimoja kutoka tairi la lori, nikaingia mtaroni, nikashuka kwa viganja vyote viwili juu ya mawe.

Lori lilipofungua breki liliendelea na safari. Yeye angeweza kulishika tena. Alikuwa na muda. Hakulishika. Alirudi, akachana kitambaa alichofungia hela zake, akanifunga mikono, kisha akazikokota baiskeli zote mbili hadi Bugarama, mimi nikimfuata kama mgonjwa.

Bugarama ni mahali pa karoti, kabichi na ukungu, na ni mahali ambapo barabara ya Gitega huachana na ile iendayo Kayanza na Rwanda. Huko juu pia ndipo maji yanapogawanyika: mvua inyeshayo upande wa magharibi huenda Tanganyika na hatimaye Mto Kongo, na ile ya mashariki huingia Ruvubu, ikaungane na mto Nile. Tulikula mahindi ya kuchoma. Nikamwambia kwamba akitaka kurudi shule nitamsaidia ada na madaftari.

“Ada si kitu kikubwa, Mwalimu,” alisema. “Lakini kesho ndizi atateremsha nani?”

Sikuwa na jibu. Akanisaidia kupanda, akainama kidogo kuagana, akaenda zake.

Usiku ule nililala Muramvya, mji wa wafalme. Katika milima ile Mwezi Gisabo alitawala kwa miongo mingi. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kulala Muramvya si jambo jepesi, kwa maana lugha yangu iliwahi kufika mipakani mwa ufalme huo ikiwa vinywani mwa watu wa Rumaliza wa Ujiji, wauza pembe na watumwa, na mfalme akawarudisha walikotoka. Wajerumani hakuweza kuwarudisha. Mahasimu wake, Maconco na Kilima, walikuwa upande wao, na tarehe 6 Juni 1903 huko Kiganda alikubali mkataba wa kuutambua utawala wa Kijerumani. Darasani huwa nauliza: je, alikosea? Wengi wenu hujibu ndiyo, kwa sauti kubwa, nami huwapa alama nzuri. Nilipokuwa nimelala viganja vikiniwaka moto, nilijiuliza alama hizo nilizitoa kwa kipimo gani.

Jumapili ilikuwa njia ya kupanda na kushuka, migomba pande zote, na watoto wakinikimbilia. Kabla ya kuingia Gitega niliiacha lami nikaelekea Gishora, kwenye uwanja wa ngoma unaohusishwa na ushindi wa Mwezi Gisabo dhidi ya mtemi Ntibirangwa. Ngoma zetu za kifalme ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mtu akisimama hatua kumi kutoka kwa wapigaji huelewa kwa nini: sauti huingilia kifuani kabla ya masikio. Wageni walipiga makofi. Mimi sikuweza. Mpiga ngoma mmoja mzee aliitazama mikono yangu iliyofungwa, akatabasamu, akatikisa kichwa, nami nikahisi anajua kila kitu.

Jumatatu, mmoja wenu, wa dawati la pili karibu na dirisha, aliuliza: “Mwalimu, mikono imepatwa na nini?” Nilijibu kwamba niliteleza kwenye changarawe. Darasa zima likasema “pole sana, Mwalimu”, nami nikapokea pole hiyo. Juma lililofuata tulifika kwenye somo la barabara. Nilichora lori. Nilichora baiskeli. Chaki ilipofika mahali pa msalaba nilisema muda umekwisha, ingawa zilikuwa zimebaki dakika kumi, na baadhi yenu mkatazamana.

Changarawe haikuwapo. Sasa mnajua. Kijana wangu alinipigia simu wiki iliyopita kuuliza kama vidonda vimepona, nami nikamwambia ndiyo, isipokuwa kidole gumba. Mama naye niliambia habari ya changarawe. Yeye hasomi ukurasa huu. Nitakwenda kwake Jumapili.