Kinachokatwa ni Ua

Mkulima wa tulipu kule Uholanzi haishi kwa kuuza yale maua unayoyaona shambani. Anauza tunguu, kile kitu kama kitunguu kilichojificha ndani ya udongo. Tulipu za kuweka mezani hukuzwa kwingine, ndani ya nyumba za vioo. Zile za shambani zikishachanua, mkulima hupitisha mashine na kukata vichwa vyote, ili nguvu ya mmea irudi chini tunguu linenepe. Vichwa hubaki vimelala kwenye mitaro, vyekundu, vya manjano, vya zambarau, vikioza polepole.

Haya niliambiwa na mzee mmoja anayekodisha baiskeli karibu na mji wa Lisse, Aprili, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kumenya viazi. Mimi nilibaki mdomo wazi. Ati unalima maua ili uyatupe?

Lazima ujue ninakotoka. Mimi ni mtoto wa maua, na simaanishi mambo ya mapenzi. Mamangu amefanya kazi ya maua Naivasha miaka kumi na sita. Waridi lazima likatwe kabla halijafunguka, lipangwe kwa urefu wa shina, lifungwe, liingie chumba cha baridi, kisha lisafirishwe usiku hadi uwanja wa ndege Nairobi. Likifunguka mapema ni hasara. Kwa hivyo mtu anaweza kushika maelfu ya waridi kwa siku moja na asione hata moja likiwa limechanua. Februari ndiyo mbaya zaidi. Wapenzi wa Ulaya wakijiandaa kwa Valentine, sisi nyumbani tulikuwa tunajipikia, maana Mama angerudi usiku vidole vimejaa miiba.

"Ua haliliwi," alikuwa akituambia, "lakini ndilo linawalisha."

Sasa hapo niko Uholanzi. Nilikuwa Leiden kwa warsha ya waandishi ya wiki moja, nauli nimelipiwa, na siku ya mapumziko nikapanda basi kama nusu saa hivi hadi Keukenhof. Tikiti ni kama yuro 20, karibu shilingi 3,000 zetu. Niliilipa huku moyo ukipiga hesabu ya unga.

Lakini tuseme ukweli, pale ni pazuri. Hekta 32 za bustani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1950. Kila mwaka kabla ya baridi kali, watu hupanda matunguu kama milioni 7 kwa mkono. Kwa mkono! Kisha bustani hufunguliwa wiki nane tu, Machi hadi Mei, na baadaye yote yanang'olewa waanze upya. Wageni walikuwa wakipiga selfi. Mimi nilikuwa natafuta mikono iliyopanda. Nikaona mtunza bustani mmoja amepiga magoti na ndoo yake, mgongo umekunjika vile vile ninavyoujua. Nikamsalimia. Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi.

Kumbe tulipu yenyewe si ya Uholanzi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, ikapitia Uturuki. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea, Carolus Clusius, alifika Leiden na kupanda matunguu yake katika bustani ya chuo kikuu. Hiyo nimeipenda sana: hata tulipu ilitoka chuoni ikaenda kutafuta pesa mashambani.

Naipenda kwa sababu na mimi nilitoka chuoni. Mwaka wa tatu. Sikufeli, sikufukuzwa. Karo ilikuwa ya watoto wawili na pesa ilikuwa ya mmoja. Tuliketi mezani na kalamu, na hesabu ikaangukia ndugu yangu mdogo, kwa kuwa kozi yake ilikuwa fupi. Nikarudi Nairobi nikaanza kuandikia watu makala kwa malipo ya M-Pesa. Tangu siku hiyo, Mama nami tumeongea kuhusu kila kitu isipokuwa hiyo meza.

Nikampigia video nikiwa kando ya shamba.

"Haiya! Na hayo yote wanauzia nani?"

"Hawauzi, Mama. Wanakata vichwa wanaacha hapo."

"Wanaacha? Maua mazima?"

Nikamweleza habari ya tunguu. Nikamwambia pia nilichosoma, kwamba mwaka 1944 kuingia 1945, vita vilipoleta njaa kali Uholanzi, watu walichemsha matunguu haya wakala. Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika.

"Kwa hivyo wanakata lile linaloonekana," akasema, "ndiyo la chini lipate."

"Ndiyo."

"Ulinikasirikia?"

Hakusema kuhusu nini. Upepo ulikuwa unapiga simu. Nyuma yangu kulikuwa na familia inajipanga kwa picha, baba anahesabu moja, mbili, tatu.

"Nilikasirika, Mama. Lakini si wewe."

"Mimi nilijua ni mimi."

"Hapana. Ni ile hesabu."

Akapumua. Ningeweza kumwambia kwamba kuandika ndilo tunguu langu, na ingekuwa sentensi nzuri, lakini sijui kama ni kweli. Kuna miezi siwezi kulipa kodi. Kichwa kikikatwa, mkulima ana hakika ya kilicho chini kwa sababu alikipanda mwenyewe. Sisi pale mezani hatukuwa na hakika yoyote. Tulikata tu, kwa sababu ilibidi.

"Niletee hilo tunguu nipande," akasema.

"Halitakubali huko kwetu. Linataka baridi wiki nyingi ndiyo lichanue."

"Baridi?" Akaanza kucheka. "Mimi nimeingia na kutoka chumba cha baridi miaka kumi na sita. Mbona sijachanua?"

Tulicheka wote wawili hadi ile familia ikageuka kututazama. Kisha akaniambia nisikate simu. Nikaigeuza kamera, nikamwonyesha maua yaliyofunguka kabisa, mstari baada ya mstari, bila haraka, mpaka chaji ikaisha.