Nilisema Kenya Itoke EAC. Halafu Shosho Akaniita

Wasee, kuna vidio yangu mnaijua. Agosti 2025, nimesimama juu ya ploti yetu Umoja, nyuma yangu nguo zimeanikwa, napiga kelele kwamba Kenya itoke kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla jua lizame. Na ndio, najua, nilikuwa Umoja nikiomba umoja uvunjike. Mliniambia kwa komenti mara elfu.

Hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa kama hiyo. Pesa iliyoingia ililipa nyumba miezi miwili. Kwa hivyo siandiki hii kwa sababu vidio ilifeli. Ilifaulu, na hapo ndipo shida ilianza.

Hasira yangu haikuwa ya kuigiza. Mwisho wa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kukataza wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni na kuongoza watalii. Ukishikwa, faini haipungui milioni 10 za Tanzania, au jela hadi miezi sita, na kibali chako kinafutwa. Beshte yangu tuliyesoma naye primary alikuwa anatengeneza simu Arusha. Alifunga meza yake akarudi na begi moja. Nilimpokea steji, nikamwangalia vile amekonda, nikaenda juu ya ploti nikarekodi.

Siku ya tatu, mtu mmoja akakomenti: "Lakini wewe si jina lako la mwisho ni la Kichagga? Anza kutoka wewe."

Nilicheka, nikamblock. Jumamosi hiyo Shosho akapiga simu. Binamu yangu alikuwa amemwonyesha vidio. Hakuniuliza kama nimekula, na hiyo kwa Shosho ni kesi kubwa. Alisema tu, "Mume wangu, kuja Kaloleni."

Kwetu tulikuwa tunajua Babu alitoka Moshi, na kwamba "alirudi kwao". Basi. Buda yangu hajawahi kuongeza neno. Mimi nilidhani ni ile stori ya kawaida ya mwanaume kuhepa.

Shosho aliniambia hivi.

Babu alikuja Nairobi akiwa kijana, akaandikwa kazi ya ufundi wa injini kwa reli. Wakati huo reli haikuwa ya Kenya wala ya Tanzania. Ilikuwa East African Railways, ya nchi tatu, na makao makuu yake yalikuwa hapa Nairobi. Bandari makao yake yalikuwa Dar es Salaam, posta na simu yalikuwa Kampala. Mkataba wa Jumuiya ulisainiwa Kampala mwaka wa 1967. Mtu wa Moshi kufanya kazi Nairobi haikuwa kuenda ng'ambo. Ilikuwa kama mtu wa Kisumu kufanya kazi Mombasa. Walipewa nyumba ya kazi Makongeni, wakazaa watoto wawili. Buda yangu ndiye wa pili, alizaliwa 1975.

Juu, mambo yalikuwa yanaharibika. Tanzania ililalamika kwamba Kenya ndiyo inakula mnofu, kwa sababu viwanda vingi vilikuwa huku. Kenya ilikuwa na siasa zake za soko, Tanzania ilikuwa na Ujamaa. Idi Amin akapindua Uganda Januari 1971, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Marais wasipoketi, hakuna uamuzi. Mashirika yakaanza kugombania pesa. Shirika la ndege likakwama, na Kenya ikaunda Kenya Airways Januari 1977.

Januari hiyo hiyo, baba ya Babu akawa mgonjwa. Babu akapanda basi ya Namanga na nguo za wiki mbili. Shosho anakumbuka hakubeba hata koti lake la kazi, kwa sababu alikuwa anarudi.

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Ndege ndogo na magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa upande ule yakazuiliwa. Kufika Julai, Jumuiya yenyewe ilikuwa imekufa.

Nilimuuliza Shosho swali la kijinga: si angepita tu panya ruti? Watu wa Taveta na Holili walikuwa wanapita usiku na magunia.

"Apite arudi kufanya nini?" akaniuliza. "Kazi gani?"

Hapo ndipo nilielewa. Mpaka haukufunga barabara peke yake. Kila nchi ilikuwa inaanzisha reli yake na kuchukua watu wake. Babu, Mtanzania, hakuwa tena na kazi Nairobi. Akaenda kutafuta nafasi kwa reli mpya ya Tanzania, wakampeleka karakana ya Tabora. Na nyumba ya Makongeni ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwepo. Shosho, miaka 23, akafunga vitu kwa shuka akahamia kwa dada yake Kaloleni, mtaa wa pili tu. Akaanza kukaanga mandazi saa kumi usiku. Buda yangu alikua akijua harufu ya mafuta kabla ya kujua sura ya baba yake.

Barua ya kwanza ilichukua miezi kufika. Ilipitia kwa mfanyabiashara wa Taveta.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba. Babu alikuja 1984 na gunia la mchele na picha ya watoto watatu aliozaa Tabora. Shosho alimpikia chai. Akamwambia, "Mpaka umefunguliwa, lakini hii nyumba ilishafungwa." Akamsindikiza hadi kwa basi.

Mwaka huo huo, Mei, serikali tatu zilisaini mkataba wa kugawana mali. Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mabehewa yalihesabiwa, meli zikahesabiwa. Kila nchi ikaahidi kulipa mafao ya watu wake. Wazee wa Jumuiya waliandamana Dar es Salaam wakidai mafao hayo hata baada ya mwaka wa 2000. Babu alikufa bado ana faili chini ya kitanda. Kwa ile hesabu ya asilimia, sijui Shosho angewekwa kwa laini gani.

Nilikuwa nasoma uchumi chuo kabla niache mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Hii 1977 tulifundishwa dakika kumi hivi. "Kuvunjika kwa Jumuiya: sababu tano." Nilizikariri zote tano. Hakuna mahali palikuwa na mandazi.

Sasa, sijageuka kuwa msemaji wa EAC. Ile mpya ilisainiwa Arusha 30 Novemba 1999, na tangu 2010 kuna itifaki ya soko la pamoja inayosema raia wa nchi moja anaweza kufanya kazi na kufungua biashara nchi nyingine. Ile amri ya 2025 inaenda kinyume na ahadi hiyo, na bado nasema hivyo. Mwaka wa 2017 walichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Na sisi si malaika, Machi 2021 tulizuia mahindi yao, tukalegeza baada ya siku chache.

Lakini kutoka ni kitu kingine. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020. Waliahidiwa kurudisha usukani. Wakapata foleni za makaratasi, wafanyakazi wengi wa Ulaya wakarudi kwao, halafu wakaanza kutafuta manesi mbali, hadi hapa Kenya. Watu hawakuacha kuhama. Walibadilika tu ni nani anahama, na kwa bei gani.

Sisi tukitoka leo, nani atalia? Anza na Marikiti, uulize vitunguu na machungwa yanatoka wapi. Nenda Gikomba uulize wale wanaopakia mizigo ya Kampala. Uganda ndiyo mteja wetu mkubwa Afrika. Na hapo bado hujahesabu watu kama buda yangu, ambao hawatakuwa kwa ripoti yoyote.

Na kuna njia ya kupigana ukiwa ndani. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha. Raia wa kawaida anaweza kupeleka kesi kupinga sheria au amri ya nchi mwanachama, ila una miezi miwili tu. Hiyo ndiyo vidio ningefaa kurekodi Agosti. Beshte yangu angekuwa bado na wakati. Sikurekodi, kwa sababu sikuwa nimesoma. Kukasirika kulikuwa kunalipa haraka.

Ile vidio sijaifuta. Kufuta ni kujifanya sikusema. Nimebandika hii juu yake, mkifika pale mpite hapa kwanza. Na yule mtu niliyemblock, nimekufungulia. Jina ni la Kichagga, ndio. Nilipoenda kutafuta kitambulisho nikiwa 18, ofisi moja ilinizungusha miezi minne ikiuliza babu yangu ni wa wapi. Nilikuwa najibu "sijui". Sasa najua.

Shosho alinisindikiza hadi Jogoo Road. Kabla nipande mat aliniuliza yule kijana wa simu anaendeleaje. Nikamwambia amepata kameza Kayole, lakini kuna msichana aliacha Arusha.

Akanyamaza kidogo. "Mwambie asingoje waende kufungua mpaka ndio apige simu."