Mjukuu Asiyeweza Maziwa

Kwetu huku miteremkoni mwa Mlima Meru, maziwa hayahesabiwi kuwa chakula tu. Mgeni hupewa maziwa kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Mzazi aliyejifungua hupewa maziwa, na mzee asiye na meno naye hupewa. Loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakapondwa na kutiwa maziwa mgando, haikosekani kwenye shughuli yenye heshima. Katika nyumba ya namna hiyo akazaliwa mjukuu wangu wa kike, ambaye maziwa ya ng'ombe kwake ni sawa na sumu.

Miezi sita ya kwanza alinyonya tu, kama wataalamu wanavyoshauri, akanenepa. Alipoanza kula, uji wake ulitiwa maziwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alitapika. Mabaka mekundu yalimtoka kuzunguka mdomo na shingoni. Aliharisha, akapona, akaharisha tena. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito uliokuwa ukipanda kama njia ya mlimani ukalala kama barabara ya Makuyuni. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa: mmoja alisema ni meno, mwingine minyoo, mwingine jicho la mtu. Mama yake ndiye aliyegundua, kwa kuandika katika daftari kila alichokula mtoto na kilichofuata. Alilipeleka daftari hilo kwa daktari wa watoto, naye baada ya kulisoma na kumpima mtoto alisema ni mzio wa maziwa, au aleji kama wasemavyo vijana.

Nieleze kidogo hapa, kwa sababu hata watu waliosoma huchanganya mambo mawili. Wapo watu wasiopatana na sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Utumbo wa mtoto mchanga hutengeneza kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo, lakini kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua wanavyokua. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na wenzetu ambao wakinywa kikombe cha maziwa jioni, bweni zima halilali kwa ngurumo za matumbo yao. Sisi wa jamii za ng'ombe tuliwacheka, tukadhani ni ugeni wa mazoea. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu watu wa Tanzania, Kenya na Sudani. Walionyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji yamo mabadiliko katika chembe za urithi yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kuyeyusha maziwa. Kumbe wenzetu hawakuwa na kasoro yoyote. Sisi ndio tuliobadilika.

Mzio ni jambo jingine kabisa. Hapo ugomvi ni wa protini, na anayegombana nayo ni askari wa mwili, ambaye huiona protini ya maziwa kama adui na kuishambulia. Mtu asiyepatana na laktosi aweza kuvumilia mgando, kwa kuwa vijidudu vinavyogandisha maziwa hula sehemu ya ile sukari. Mwenye mzio hana nafuu hiyo, kwa sababu protini imo katika mgando, katika jibini na katika siagi. Jirani yangu mwema alituletea mbuzi wa maziwa, akamfunga mwenyewe kwenye mgomba. Daktari alisema protini za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na kwamba watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Tulimrudisha mbuzi kwa shukrani nyingi.

Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, niliwahi kuongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Tulifundisha vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, na kwenye karatasi yangu ya ukutani niliyoichora mwenyewe, kibuyu cha maziwa kilikaa juu kabisa kati ya vyakula vya kujenga mwili. Fundisho lilikuwa zuri na lilifaa watoto wengi. Uzuri wake mwingine ninauona sasa: kibuyu hakikukaa peke yake. Pembeni yake palikuwa na mayai, maharage, samaki, nyama na karanga. Ukikiondoa kibuyu, karatasi bado imejaa.

Kwa hiyo shida ya kumlisha mtoto huyu haikuwa chakula. Shida ilikuwa watu wanaompenda.

Mama yake ni mzaliwa wa Pangani. Daktari alimtaka naye aache maziwa maadamu ananyonyesha, kwa kuwa protini hiyo huweza kupita kwa kiasi kidogo hadi kwenye titi. Basi katika nyumba yenye ng'ombe wawili wanaokamuliwa, mzazi akanywa chai ya rangi. Dada yangu mkubwa hakuweza kulivumilia. "Mwanangu," alimwambia, "mzazi asiyekunywa maziwa atatoa maziwa gani?" Maneno yakasambaa shambani na kanisani kwamba mkwe wa pwani anamnyima mtoto urithi wa ukoo. Binti yule hakujibu. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akaendelea kukoroga uji wake.

Dada si mtu mbaya. Alilea wadogo zake sita baada ya mama yetu kufariki, na aliwalea kwa maziwa. Siku ya harusi ya mpwa wetu alimkuta mtoto amelala kwenye mkeka, akamwona mwembamba, akamwonea huruma. Alimpa vijiko vitatu vya mgando. Haikupita robo saa, midomo ya mtoto ikavimba, sauti ikakauka, akaanza kupumua kwa shida. Tulimkimbiza hospitali kwa gari lililokuwa limepambwa maua ya bibi harusi. Alichomwa sindano, akalazwa usiku ule, akapona. Dada alikaa nje kwenye benchi mpaka asubuhi, na kitenge chake cha harusi amekifunika kichwani. Kulipopambazuka alimfuata mkwe wetu, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Sikusikia alichosema, na sikuuliza.

Tangu siku hiyo hakuna mlinzi kama yeye. Tumejifunza kwamba maziwa yana majina mengi ya kujifichia. Yamo katika biskuti, katika mikate mingine, katika maandazi ya jirani anayekandia maziwa, na katika baadhi ya siagi za kopo ambazo watu hudhani ni mafuta ya mimea matupu. Mimi kazi yangu ni kuvaa miwani na kusoma maandishi madogo ya pakiti, kazi inayomfaa mwalimu mkuu mstaafu. Dada hajui kusoma Kiingereza, lakini hakuna biskuti inayopita mlangoni bila kunifikia mkononi. Vikombe vya mtoto na mwiko wake hukaa kwenye kapu peke yake, na kapu limetundikwa juu, kwa sababu mwiko uliokoroga mgando hausafishwi kwa kufutwa na kanga.

Anakula nini? Asubuhi uji wa ulezi, nafaka yenye kalsiamu nyingi kupita mahindi na mchele, umetiwa parachichi lililopondwa. Parachichi huku kwetu huanguka chini ya mti bila mnunuzi, na lina mafuta ambayo mtoto aliyekuwa akiyapata katika maziwa anayahitaji. Mchana hula mtori wa ndizi na nyama, au maharage yaliyochujwa maganda. Dagaa wa Mwanza hukaushwa vizuri, wakasagwa na mifupa yao yote, na kijiko cha unga huo huingia katika kila mboga. Yai hula. Karanga tuliziombea ruhusa ya daktari kwanza, tukaanza na kidogo sana. Na bado ananyonya. Ya mama yake hayo hakuna aliyemkataza.

Nazi hununuliwa sokoni Tengeru. Mkwe wetu alikwisha kutuonya kwamba tui si badala ya maziwa hata kama ni jeupe. Lina mafuta na utamu, lakini protini yake ni haba na kalsiamu pia. Sikulitambua hilo, maana sisi wa bara huona kila cheupe ni maziwa. Hata hivyo, tui ndilo lililomrudisha mtoto kwenye chungu cha watu wote. Sikukuu ya Pasaka iliyopita dada alichemsha mahindi ya loshoro, na kabla ya kumimina mgando akachota sehemu pembeni, akaitia tui alilokamua mwenyewe kwa kuelekezwa na mkwe. Wazee wawili walionja wakidhani ni utani, kisha wakaomba waongezwe. Mke wangu, ambaye humwita mjukuu huyo "mke mwenzangu", alilazimika kulilinda bakuli la mtoto.

Mstari kwenye kadi umeanza kupanda tena. Daktari anasema watoto wengi wa namna hii huachana na mzio huo wanapokua, ila kujaribu kufanyike hospitalini, mbele ya wenye sindano, wala si jikoni kwa mtu. Miadi ni mwezi ujao. Dada ameshanituma mara mbili kuuliza tarehe, na amesema atakwenda yeye kumpakata.